Wameiosha

Niliacha chuo mwaka wa tatu wa uhandisi. Babu, ambaye aliuza ng'ombe wawili ili nilipiwe karo, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa utaandika nini huko?" Sikuwa na jibu.

Yeye alikuwa na stori moja ambayo sote tuliichoka. Eti Pasaka ya 1973, milima ya Taita, yeye na vijana wenzake walisukuma Datsun iliyokwama kwenye tope. Dereva akapiga honi, akatokomea. Tulimcheka, maana kila mzee kwetu anadai alisukuma gari la Safari Rally.

Mwaka jana binamu yangu anayefanya kazi Yokohama alinitumia tiketi. Ijumaa usiku akanipeleka Daikoku, maegesho ya kando ya barabara kuu ambapo wapenzi wa magari hukutana. Nilihesabu Skyline GT-R saba kabla kahawa yangu haijapoa. RX-7, Supra, boneti wazi, yaani magari yote niliyoyajua kwa gemu za PlayStation kule mtaani. Nilifurahi, lakini nilijihisi kama mtu aliyekuja harusi ya wenyewe.

Siku chache baadaye tukaendesha hadi Zama, ambako Nissan imehifadhi magari yake ya zamani, karibu 300. Usukani kulia, unashika kushoto, kama nyumbani tu. Na humo ndani nikaikuta: Datsun 240Z nyekundu, boneti nyeusi, namba 11. Ndiyo iliyoshinda Safari ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye pia ndani ya 240Z.

Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, na Pasaka iliyofuata Mehta akashinda Safari kwa 240Z. Walimaliza na adhabu sawa, yeye na Harry Källström, aliyekuwa kwa Datsun nyingine. Angeshinda tena mara nne, 1979 hadi 1982.

Wajapani walilifuata shindano hili kwa makini. Mwaka 1969 tayari walikuwa na filamu nzima kulihusu, nyota wao Yujiro Ishihara akiwa ndani ya Datsun. Magari yao yalihitaji jina la ugumu mbele ya dunia, na jina hilo lilipatikana kwa mawe, vumbi na tope letu. Leo sisi hununua mitumba kutoka Japani na kusema, "Hizi gari ni ngumu," kana kwamba habari hiyo ilitoka kwao.

Nikampigia Babu simu ya video. Nikamwonyesha gari polepole, kutoka taa za mbele hadi buti. Nikamwambia hii ni ya 1971, si ile yake.

Akakaa kimya, kisha akasema, "Wameiosha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Na hapo pembeni wameandika nini?"

Nikamsomea kibao: mwaka, injini ya lita 2.4, madereva.

"Waliosukuma je?"

"Hapana, Babu. Hawapo."

"Si wewe ni mwandishi," akasema, akakata simu.