Bunduki za Kafa Ulaya

Juma hili somo letu la historia linahusu chombo ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona, na asiyekiona amewasikia wazee wakikitaja. Chombo hicho ni gobore. Tunataka kujua lilitoka wapi, nani alilileta, na kwa nini lilibaki mikononi mwa babu zetu wakati ambapo askari wa Wazungu walikuwa na silaha nyingine kabisa.

Kwanza tutazame namna lilivyofanya kazi. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni. Mpigaji alimimina baruti katika mtutu, akatia kizibo cha kitambaa au cha makumbi, akashindilia kwa mdeki, yaani ule ufito wa chuma unaokaa chini ya mtutu. Kisha akatia risasi ya duara, akashindilia tena. Ndani mtutu ni laini, hauna mifuo ya kuizungusha risasi, kwa hiyo risasi ikitoka huyumba. Zaidi ya hatua mia hivi, kumpata mtu mmoja ilikuwa bahati tu. Askari aliyefundishwa vizuri aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika moja. Mwindaji wa kawaida alipiga pungufu ya hapo, naye tembo hangojei.

Wazee walizitofautisha bunduki hizi kwa namna ya kuwasha baruti. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi wenye moto. Bunduki ya gumegume ilikuwa na kipande cha jiwe kilichogonga chuma kikatoa cheche. Bunduki ya fataki ilikuwa na kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake. Nyundo ikikigonga, hulipuka, hata kama kuna manyunyu ya mvua. Yashikeni majina haya matatu, hasa gumegume, maana tutayahitaji mbele.

Sasa tuvuke bahari, twende Ulaya. Kati ya mwaka wa 1853 na mwaka wa 1888 majeshi ya huko yalikuwa yakibadili bunduki kama mtu abadilivyo kanzu. Waingereza walishika Enfield ya mwaka 1853, wakaigeuza katika mwaka wa 1866 ikawa Snider, iliyotiwa risasi kwa nyuma badala ya mdomoni. Katika mwaka wa 1871 wakachukua Martini-Henry, na katika mwaka wa 1888 wakachukua Lee-Metford. Wafaransa walikuwa na Chassepot ya mwaka 1866, kisha Gras ya mwaka 1874, kisha Lebel ya mwaka 1886, ambayo ilitumia baruti isiyotoa moshi. Wajerumani nao walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, kisha nyingine mpya katika mwaka wa 1888.

Basi jiulizeni: jeshi lenye watu laki kadhaa likipewa bunduki mpya, zile za zamani zinakwenda wapi? Serikali haikuzitupa. Iliziuza kwa bei ya chini, na wafanya biashara wakazinunua kwa mafungu. Mnakumbuka zile nguo kuukuu ambazo siku hizi tunaziita mitumba, na ambazo wazazi wetu waliziita kafa ulaya. Mambo ya bunduki yalikuwa hivyo hivyo. Tena si zote zilizopata kuvaliwa na askari. Katika miji ya Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, mafundi walitengeneza bunduki za bei rahisi kwa ajili ya soko la Afrika tu, nyingine mbaya hata zikampasukia mwenyewe usoni.

Faida yake ilikuwa kubwa. Arthur Rimbaud alikuwa Mfaransa aliyetunga mashairi ujanani mwake, kisha akaacha, akawa mfanya biashara wa Aden na Harar. Katika mwezi wa Desemba, 1885, alipokuwa akitayarisha msafara wa kumpelekea Menelik wa Shoa bunduki takriban 2,000, aliwaandikia jamaa zake. Aliwaeleza kwamba zilikuwa bunduki za fataki zilizoondolewa jeshini miaka 40 nyuma, na kwamba kwa wauza silaha kuukuu wa Liège moja ilipatikana kwa faranga 7 au 8. Menelik aliuziwa kwa faranga kama 40. Pigeni hesabu wenyewe: mara tano ya bei ya kununulia!

Huku kwetu mlango ulikuwa Unguja. Katika mwaka wa 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki za kila namna zilizoingia kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Zilipanda juu kwa misafara, kupitia Tabora hadi Ujiji na Manyema, na hata ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Watu walizilipia kwa pembe za ndovu. Walizilipia kwa watu pia. Mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa umekataza kusafirisha watumwa baharini, lakini bara biashara hiyo iliendelea, na gobore lililonunuliwa leo ndilo lililotumika kesho kuwateka watu wa kijiji cha pili. Hilo tusilifiche. Jirani akiwa na bunduki, wewe uliyekuwa na mkuki tu ulilazimika kutafuta yako au kuhama. Ndivyo vita vilivyozaa biashara, na biashara ikazaa vita. Mirambo wa Urambo, aliyeanza kupigana na wafanya biashara wa Tabora katika mwaka wa 1871, alilijua jambo hili vizuri: alitaka njia ya pembe ipite mikononi mwake, kwa sababu aliyeshika njia ndiye aliyepata baruti.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha somo letu. Katika mwezi wa Julai, 1890, wajumbe wa mataifa 17 walitia sahihi mkataba katika mji wa Brussels. Shabaha yake iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na shabaha hiyo ilikuwa njema, maana tumekwisha kuona bunduki zilivyowasaidia watekaji. Mkataba ulikataza kuingiza silaha na risasi katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta na nyuzi 22 kusini. Tazameni ramani yenu: nchi zetu zote za Afrika Mashariki zimo ndani.

Lakini yalikuwamo matengo mawili. La kwanza, serikali za Wazungu ziliruhusiwa kuleta silaha kwa ajili ya askari wao. La pili, wenyeji waliweza kuuziwa, kwa masharti, bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Gumegume! Silaha ambayo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameiacha tangu miaka ya 1840. Wakati huo Maxim alikuwa amekwisha kubuni bunduki ya rashasha, katika mwaka wa 1884. Kwa hiyo msiposoma sheria hii mtadhani kwamba babu zetu walibaki na gobore kwa kuwa hawakujua kilicho bora. Walijua sana. Ile bora ilifungiwa mlango, na ile mbovu ikaachiwa upenyo.

Mtu anaweza kuuliza: je, hawakuweza kuziteka bunduki bora vitani? Waliweza. Tarehe 17 Agosti, 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Walishinda hasa kwa mikuki, wakiwavamia askari wakiwa njiani, nao wakateka bunduki karibu 300. Lakini bunduki ya namna ile hula risasi yenye ganda la shaba nyeupe, lililotengenezwa kwa mashine kiwandani, na ganda likiisha bunduki hugeuka rungu. Gobore lilikula chochote. Mhunzi wa kijiji aliweza kulikatia risasi za chuma, kulifunga waya pale lilipopasuka, na kulichongea kitako cha mti wa kwao. Hii ndiyo sababu nyingine iliyolifanya lidumu, na mimi naona tunaisahau mara nyingi mno: lilidumu kwa sababu ya mhunzi.

Wakoloni wenyewe nao walionja uchungu wa silaha kuukuu. Vita Kuu ilipoanza katika mwaka wa 1914, kampuni nyingi za askari wa Wajerumani katika Tanganyika bado zilikuwa na ile Mauser ya mwaka 1871. Baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi, na adui akajua papo hapo pa kulenga. Katika mwezi wa Novemba walipowashinda Waingereza huko Tanga, waliokota ngawira ya bunduki mpya za kutosha kampuni tatu, risasi 600,000, na rashasha 16, ambazo maaskari wa zamani waliziita bombomu.

Siku hizi silaha hizi zina wateja wa namna nyingine, yaani wakusanyaji wa vitu vya kale. Katika sheria ya Marekani ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale. Katika mwaka wa 2003 wafanya biashara walinunua makumi ya maelfu ya bunduki zilizolala katika jumba la kale mjini Kathmandu, nchi ya Nepali, wakaziuza kwa wakusanyaji hao. Mkusanyaji mzuri huisoma bunduki kama ninyi mnavyojifunza kusoma kitabu. Herufi ELG ndani ya duara refu kama yai ni alama ya Liège. Na kama juu ya duara hilo pana taji, bunduki ilipigwa muhuri katika mwaka wa 1893 au baadaye, yaani baada ya mkataba wa Brussels.

Kama nyumbani kwenu lipo gobore la babu, msilijaribu wala msilitie motoni. Baruti iliyoachwa ndani ya mtutu yaweza kulipuka hata baada ya miaka mingi. Tena kukaa na silaha bila kibali ni kosa. Toeni habari polisi, na ombeni makumbusho yaliangalie kabla halijaharibiwa, kwa sababu likiyeyushwa alama zake hupotea pamoja nalo.

Kazi ya juma hili ni hii. Mwulizeni mzee mmoja: gobore la kwanza alilolijua lilikuwa la nani, lilinunuliwa kwa nini, na baruti ilitoka wapi? Andikeni majibu yake kwa sentensi tano au sita, pamoja na jina la kijiji. Juma lijalo tutasoma juu ya reli ya Tanga.