Ardhi ya Wote Kando ya Mto Thames: Kisa cha Mji wa Richmond

Walimu wa tafsiri tunajua kwamba wanafunzi wengi huyatumia maneno haki na ruhusa kana kwamba ni pacha. "Nina haki ya kupita" na "nina ruhusa ya kupita" huwa kwao sentensi moja, maana katika hali zote mbili mtu anapita. Katika makala haya nakusudia kueleza kisa cha mji mmoja wa Uingereza ambako tofauti ya maneno hayo mawili ilifikishwa mbele ya jaji.

Mji wenyewe ni Richmond, ulio kando ya mto Thames, kusini-magharibi mwa katikati ya London. Zamani uliitwa Sheen. Mfalme Henry VII ndiye aliyeupa jina la Richmond mwanzoni mwa karne ya 16, baada ya kujenga upya kasri lake lililoungua. Tangu 1965 umehesabiwa kuwa sehemu ya London Kuu. Anayesimama juu ya kilima cha Richmond huuona mto ukijipinda kati ya miti, na chini yake malisho ya kijiji cha Petersham. Nyuma ya kilima kuna hifadhi ya Richmond Park, yenye ukubwa wa hekta 955 hivi na kulungu zaidi ya 600. Mgeni anaweza kudhani kwamba watawala wenye hekima walikaa chini wakapanga yote haya kwa faida ya raia. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Kwanza tuelewe ardhi hizo zilikuwa za namna gani. Katika vijiji vya Uingereza ya zamani, ardhi ya malisho ilikuwa na mwenyewe, mara nyingi bwana mkubwa wa eneo. Hata hivyo, wanakijiji walikuwa na haki juu yake: huyu kulisha ng'ombe, yule kuokota kuni, mwingine kukata majani ya mifugo. Palikuwa pia na mashamba yaliyolimwa na watu binafsi ambayo, baada ya mavuno ya Agosti, yalifunguliwa kwa mifugo ya kijiji kizima hadi msimu uliofuata. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa malisho ya namna hiyo lina maana ya "kitu cha pamoja". Sisi huandika "uwanja" au "eneo la wazi", tukapoteza kiini chake, kwa kuwa uwazi wenyewe si hoja. Hoja ni kwamba mtu asiyekuwa na ardhi alikuwa na fungu lake katika ardhi ya mwingine, na fungu hilo lilitambuliwa na sheria.

Mfalme Charles I alikimbilia Richmond mwaka 1625 kuukwepa ugonjwa wa tauni uliokuwa London. Alipenda kuwinda, na akaamua kujitengenezea hifadhi ya kulungu. Ardhi aliyoitaka ilikuwa mchanganyiko wa mashamba ya watu, misitu na malisho ya pamoja ya vijiji kadhaa. Baadhi ya wenye mashamba walikubali fidia, wengine wakakataa katakata. Washauri wake, akiwemo Askofu Mkuu Laud, walimtahadharisha kwamba jambo hilo lingemletea chuki. Hakusikia. Ukuta ulianza kujengwa kabla ya mapatano kukamilika, na ilipofika 1637 hifadhi ilikuwa imezungushiwa ukuta wa matofali wa kilomita 13 hivi. Lakini aliacha jambo moja lililokuja kuwa na uzito mkubwa: waendao kwa miguu waliendelea kupita katika njia zao za zamani, na maskini waliendelea kuokota kuni. Kwa ajili hiyo ziliwekwa ngazi za kuvukia ukuta. Charles mwenyewe aliuawa kwa hukumu ya kukatwa kichwa mwaka 1649, kwa makosa makubwa kuliko ukuta, ingawa sidhani kama ukuta ulimwongezea marafiki.

Zaidi ya miaka 100 watu waliendelea kupita, japo si bila vikwazo. Mambo yaliharibika kabisa mwaka 1751, Binti Mfalme Amelia, mtoto wa Mfalme George II, alipopewa usimamizi wa hifadhi. Aliifunga kwa umma. Aliyetaka kuingia ilimpasa awe na tiketi, na tiketi zilitolewa kwa marafiki zake na watu wachache aliowachagua. Wakazi walinung'unika. Matajiri wenye magari ya farasi walifungua kesi kudai njia ya magari, wakashindwa.

Hapo ndipo anapoingia John Lewis. Huyu hakuwa lodi wala mwanasheria. Alikuwa mwenye kiwanda cha bia pale Richmond. Mwaka 1755 alikwenda na rafiki yake, ambaye angekuwa shahidi, mpaka lango la East Sheen, akangoja gari lenye tiketi lipite, kisha akataka kuingia nyuma yake. Bawabu, mwanamke aliyeitwa Martha Gray, alimtaka tiketi. Lewis alisema hahitaji tiketi kupita mahali ambapo sheria inamruhusu. Lango likafungwa mbele yake, naye akamshtaki bawabu.

Wasomaji wazingatie hatua hiyo. Lewis hakuomba tiketi. Kwa mtu wa biashara mwenye jina mjini, huenda angeipata kwa kubembeleza kidogo. Lakini anayepokea tiketi anakubali kwamba mlango ni wa mwingine, na kwamba kesho anaweza kunyimwa. Lewis alitaka mahakama iseme kwamba njia ile ilikuwepo kabla ya ukuta.

Kesi iliahirishwa tena na tena, ikasikilizwa tarehe 3 Aprili 1758 huko Kingston mbele ya Jaji Michael Foster. Lewis alishinda: haki ya waendao kwa miguu ilithibitishwa. Jaji alimuuliza kama angependa liwekwe lango au ngazi ya kuvukia ukuta. Akachagua ngazi. Lango lingehitaji kufungwa ili kulungu wasitoroke, na mgeni angeliona limefungwa akadhani haruhusiwi. Ngazi haifungwi.

Watumishi wa hifadhi hawakukubali kushindwa kirahisi. Walijenga ngazi, lakini vidato vyake vikawekwa mbalimbali kiasi kwamba watoto na wazee walishindwa kupanda. Lewis akarudi kulalamika. Jaji naye alikuwa ameiona kasoro hiyo kwa macho yake, akaagiza ngazi itengenezwe ili hata watoto na vikongwe waweze kuvuka. Kwa maoni yangu, agizo hili dogo lina thamani sawa na hukumu yenyewe, kwa sababu haki ambayo bibi kizee hawezi kuipanda imebaki kwenye karatasi.

Amelia aliacha usimamizi huo mwaka 1761. Lewis hakutajirika kwa ushindi wake. Baadaye mto Thames ulifurika ukaharibu mali yake, akaanguka katika umaskini, na watu wa Richmond wakachanga fedha za kumpa posho ya kila mwaka. Picha yake ilichapishwa ikauzwa. Alifariki mwaka 1792.

Karne ya 19 ilileta reli, na reli ikaleta wajenzi. Sasa adui hakuwa ukuta wa mfalme bali nyumba za kuuza. Mji ulinunua bustani za kilimani na kuzifungua kwa umma mwaka 1887. Mwaka 1896 familia ya Lodi Dysart, wenye jumba la Ham, ilipeleka muswada bungeni wa kufuta haki za malisho ya baada ya mavuno katika mashamba ya Ham, muswada ukakataliwa. Kisha ng'ambo ya mto, katika eneo la Marble Hill, wenye ardhi walianza maandalizi ya kujenga nyumba. Nyumba hizo zingeharibu mandhari ambayo wachoraji kama Reynolds na Turner walikuwa wameichora kutoka kilimani. Watu walipiga kelele, na mwaka 1902 Marble Hill ilinunuliwa kwa ajili ya umma.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria kuhusu ardhi za wazi za Richmond, Petersham na Ham. Husifiwa sana kwa kulinda mandhari, na ni kweli: malisho ya Petersham yanayoonekana kutoka kilimani, pamoja na ardhi za pamoja za Petersham na Ham, yalikabidhiwa kwa mamlaka za umma. Lakini sifa hizo husahau bei iliyolipwa. Haki za malisho zilizokataliwa kufutwa mwaka 1896 sasa zilifutwa katika ekari zaidi ya 170 za mashamba ya Ham, na familia ya Dysart ikabaki na ardhi hiyo bila mzigo wowote. Haki ya watu wenye ng'ombe ilibadilishwa kwa mandhari ya watu wenye macho. Pengine wenye ng'ombe walikuwa wamebaki wachache; hata hivyo, waliokuwa na haki walipoteza, na waliofaidika hawakuwa daima watu walewale.

Muda si mrefu baadaye, sehemu ya mashamba hayo ikaanza kuchimbwa kokoto. Mashimo yalichimbwa kwa miongo kadhaa, mengi yakajazwa vifusi, vikiwemo vya nyumba za London zilizopigwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili, na katika miaka ya 1960 mamia ya nyumba yakajengwa upande mmoja. Upande wa mto umeachwa uote nyasi na vichaka, na sasa ni hifadhi ndogo ya mimea na wadudu. Watu huipita kila siku wakiwa na mbwa wao, bila tiketi.