Dripu ya Kampala

Dada yangu alipitisha siku zake kwa wiki nzima na ushei. Nyumbani kwetu Konde, kaskazini mwa Pemba, bibi alikuwa akimpapasa tumbo kila baada ya alasiri, kisha anarudi kukaa barazani bila kusema neno. Bibi alikuwa mkunga kabla sisi hatujazaliwa. Hospitali walimpa dada misoprostoli, kidonge kilichoyeyushwa kwenye maji, anywe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. Usiku uchungu ukamshika.

Bibi alipoelezwa akauliza: "Sasa hicho kidonge kimejuaje kuwa siku zimetimia?"

Nilidhani jibu lake lote liko ng'ambo. Kweli, linaanzia huko. Mwaka 1930, Kurzrok na Lieb wa New York waliona vipande vya msuli wa mji wa mimba vikikaza au kulegea vilipotiwa shahawa. Ulf von Euler wa Sweden akaipa dutu hiyo jina la prostaglandini, akidhani chanzo chake ni tezi dume. Jina la kimakosa, na limebaki. Mwaka 1964 ikabainika kuwa mwili huitengeneza kutokana na asidi ya arakidoni, asidi ya mafuta iliyohifadhiwa kwenye kuta za seli zetu. Siku zikikaribia, mafuta hayo huachiwa, vimeng'enya huyageuza kuwa prostaglandini, nazo hulainisha mlango wa mji wa mimba na kuruhusu kalsiamu iingie kwenye seli za msuli. Msuli hukaza. Huo ndio uchungu.

Lakini nani alithubutu kumpa mjamzito dutu hii ili azae? Hapo ndipo nilipokutana na Kampala.

Sultan Karim alikuwa ameshazikuta prostaglandini kwenye maji ya uzazi, na akazikuta pia kwenye damu ya wanawake walio katika uchungu. Mwaka 1968, akiwa Chuo Kikuu cha Makerere, yeye na wenzake, akiwemo Trussell, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za kundi dogo la wajawazito walioanzishiwa uchungu kwa dripu ya prostaglandini F2 alfa. Uganda ilikuwa na miaka sita tu ya uhuru. Miaka minne baadaye Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Karim kazi yake iliendelea Singapore.

Tuzo ya Nobel ya 1982 walipewa Bergström, Samuelsson na Vane. Walistahili; wao ndio waliofumbua kemia yake. Ila nakiri nilikasirika kidogo kwamba nimesoma baiolojia miaka yote ile bila kusikia neno Makerere hata mara moja.

Nikamweleza bibi: kidonge hakijui kitu. Ni ndugu wa kile ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, kimeundwa kiwandani, tena mwanzoni kwa ajili ya vidonda vya tumbo.

Akanisikiliza huku akimpakata kitukuu chake. Habari za Nobel hazikumgusa.

"Na hao wanawake wa Kampala," akasema, "walikuwa wanaitwa nani?"

Nikamwambia makala zile za madaktari haziandiki majina ya wagonjwa.

"Aa," akasema, akamfunika mtoto miguu.