Mafuta ya bunduki

Mafuta ya bunduki ni kilainishi kinachopakwa kwenye sehemu za chuma za silaha ndogo ili zisisagane, zisipate kutu na zisigandwe na masizi ya baruti. Jina hilo hujumuisha vitu vitatu: mafuta mepesi, grisi, na vilainishi vikavu vya unga. Watumiaji wengi huita vyote "oili", na hutaka chupa moja isafishe, ilainishe na ihifadhi. Kazi hizo tatu huvutana. Kinachoyeyusha masizi vizuri huwa chepesi na hukauka upesi. Kinachozuia kutu kwa miezi huwa kizito na hunasa vumbi. Kwa hiyo anayechagua mafuta sharti ajue kwanza silaha itakaa wapi: pwani penye unyevu wa chumvi, nyika yenye vumbi, au kabatini kwa mwaka mzima bila kuguswa.

Historia

Shahamu na nta

Enzi za gobori, mafuta yalitoka kwa wanyama. Baruti nyeusi huacha masizi mengi mazito yanayofyonza maji hewani, na baada ya kufyatua mara chache mtutu hukaza hata mdeki ukawa hauteremki vizuri. Shahamu ya ng'ombe au kondoo iliyochanganywa na nta ya nyuki ilipakwa kwenye kitambaa au karatasi iliyozungushiwa risasi ili masizi yabaki laini. Kwa vifyatulio na springi, mafuta ya nyangumi aina ya spemaseti yalisifiwa kuliko yote kwa kuwa hayagandi haraka kwenye baridi wala hayageuki gundi. Marekani ilimworodhesha nyangumi huyo miongoni mwa wanyama walio hatarini mwaka 1970, na biashara ya mafuta yake ikakoma huko.

Grisi ya Enfield na maasi ya 1857

Hakuna kilainishi cha silaha kilichobeba historia nzito kama hiki. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilipoanza kuwapa askari wake Wahindi bunduki ya Enfield ya muundo wa 1853, kila risasi ilikuja ndani ya karatasi iliyopakwa shahamu, na kanuni ya mazoezi ilimtaka askari aing'ate karatasi hiyo kwa meno kabla ya kumimina baruti. Mkataba wa kutengeneza risasi hizo haukutaja shahamu itoke kwa mnyama gani. Januari 1857, katika kituo cha Dum Dum karibu na Calcutta, uvumi ulienea kwamba ni ya ng'ombe na nguruwe. Kwa Mhindu ng'ombe ni mtakatifu; kwa Mwislamu nguruwe ni haramu. Tone moja la mafuta lilitosha kumnajisi askari na kumtenga na watu wake.

Serikali iliruhusu askari wapake mafuta yao wenyewe, na baadaye karatasi ichanwe kwa vidole badala ya meno. Ruhusa hiyo ilionekana kuthibitisha uvumi. Tarehe 29 Machi askari Mangal Pandey aliwashambulia maofisa wake huko Barrackpore, naye akanyongwa Aprili 8. Aprili 24, mjini Meerut, askari 85 kati ya 90 wa kikosi cha farasi walikataa kupokea risasi. Mei 9 walivuliwa sare na kufungwa minyororo mbele ya wenzao, na siku iliyofuata maasi yakalipuka. Wanahistoria wanataja sababu nyingine nyingi, zikiwemo ardhi, kodi na unyakuzi wa falme, lakini grisi ndiyo iliyowasha moto. Utawala wa Kampuni ulikoma mwaka 1858. Kosa la watengenezaji lilikuwa kumsahau mtu atakayeiweka grisi ile mdomoni.

Baruti isiyo na moshi

Mwishoni mwa karne ya 19 baruti mpya ilipunguza masizi, ila ikaleta balaa lisiloonekana kwa macho. Fataki za risasi za wakati huo zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, jamaa ya chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu na kuutoboa mtutu kwa kutu. Mafuta hayaiyeyushi, huifunika tu, na kutu huendelea chini yake. Maji ndiyo dawa. Askari wa Kiingereza, pamoja na wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliotumia bunduki ya Lee-Enfield, walikuwa na kichupa cha mafuta na kamba ya kuvutia kitambaa ndani ya kitako cha bunduki, lakini usafi kamili ulikuwa kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu, kuukausha, ndipo mafuta yafuate. Warusi walitengeneza kichupa chenye vyumba viwili kilichoandikwa herufi mbili: chumba kimoja cha maji ya magadi ya kusafishia, kingine cha mafuta. Wengi wanaokiokota leo hudhani vyumba vyote viwili ni vya mafuta.

Kipindi hicho ndicho kilichozaa chapa zinazouzwa mpaka sasa. Frank August Hoppe wa Philadelphia alitoa kiyeyushi chake, Hoppe's No. 9, mwaka 1903. Nchini Ujerumani, Helmut Klever alibuni Ballistol kwa ombi la jeshi lililotaka mafuta mamoja ya chuma, mbao na ngozi. Yalianza kutumika jeshini mwaka 1905. Ballistol ina tabia ya kuchanganyika na maji na kuwa nyeupe kama maziwa, na ina ualikali kidogo, jambo linaloifanya ifae kwa mabaki ya fataki za zamani.

 

Silaha zinazojipaka mafuta

Baadhi ya bombomu zilibuniwa zikiwa na tangi dogo la mafuta lililopaka kila risasi kabla ya kuingia chemba, ili ganda lising'ang'anie. Schwarzlose ya Austria na Breda 30 ya Italia zilikuwa hivyo. Breda 30 nayo ilikuja Afrika, na Waitalia waliitumia Ethiopia na Somalia katika vita vya 1940–41. Katika vumbi, kila risasi iliyopakwa mafuta ilibeba mchanga ndani ya mashine, na silaha ikapata sifa mbaya ya kukwama.

M16 na Vietnam

Bunduki ya M16 ilifika Vietnam katikati ya miaka ya 1960 bila vifaa vya kutosha vya usafi, baruti yake ikiwa imebadilishwa, na chemba ikiwa haina krome. Ilikwama vitani, na askari walikufa. Kamati ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord ilitoa ripoti kali mwaka 1967. Chemba ikapakwa krome, vifaa vya usafi vikagawiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jeshi la Marekani lilipata mafuta ya kazi tatu yajulikanayo kwa herufi CLP, yaliyokusudiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 51 chini ya sifuri hadi nyuzi 71 juu yake.

Vigezo vya uchaguzi

Mnato. Mafuta mepesi hupenya kwenye nafasi ndogo, kwa mfano kwenye kifyatulio, lakini hutiririka na kuondoka silaha ikisimamishwa kabatini, mara nyingi yakaishia kwenye mbao za kitako na kuzilainisha. Grisi hubaki pale ilipowekwa. Bunduki ya M1 Garand ililainishwa kwa grisi katika reli za bolti kwa sababu mvua iliyaosha mafuta. Katika baridi kali mambo hugeuka: majira ya baridi ya 1941 mbele ya Moscow, vilainishi vya Wajerumani viliganda na silaha zikagoma.

Unyevu. Pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara, hewa ya chumvi haipumzishi chuma. Huko kinachohitajika ni utando wa kuzuia kutu unaofutwa na kupakwa upya mara kwa mara. Jasho la kiganja pekee linatosha kuacha alama ya kidole yenye kutu. Haifai kuiacha bunduki ndani ya mfuko wa ngozi kwa muda mrefu, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu.

Vumbi. Ushauri wa kale ni kupaka kidogo au kuacha kavu. Ushauri huo ni wa busara kwa bunduki ya bolti inayofyatuliwa polepole, lakini kwa silaha zinazojipakia zenyewe una mipaka. Hapo chuma hukimbia juu ya chuma mara maelfu, na ukavu huua upesi. Kinachozidi mafuta kwa umuhimu ni kusafisha kila siku. Katika majaribio ya vumbi yaliyofanywa Aberdeen, Marekani, mwaka 2007, bunduki kumi za M4 zilifyatua risasi 60,000 kwa jumla na kukwama mara 882, ilhali bunduki kumi za aina ya XM8 zilikwama mara 127. Muundo wa silaha nao una sauti yake.

Vitu visivyofaa

Mafuta ya kupikia huungana na hewa na kugeuka gundi ya kahawia. Mafuta ya nazi huganda karibu na nyuzi 24, hivyo bunduki iliyopakwa Tanga itaamka Njombe imekaza. Oili chafu ya gari, inayopakwa na wengi kwa kuwa haina bei, ina chembe za chuma na tindikali za injini. Ni sumu kwa ngozi na ni msasa kwa silaha. Oili mpya ya injini si mbaya. WD-40, iliyobuniwa San Diego mwaka 1953, hufukuza maji vizuri sana lakini utando wake ni mwembamba na haudumu kama kilainishi. Unga wa grafaiti ukikutana na alumini penye unyevu huharakisha ulikaji. Mafuta safi ya cherehani ni mepesi mno kwa kuzuia kutu, ila yanafaa kwa kifyatulio.

Upakaji

Silaha hupakuliwa risasi na chemba kukaguliwa kwa jicho na kwa kidole kabla ya jambo lolote. Mtutu na chemba hufutwa vikauke kabla ya kufyatua: ganda lenye mafuta halishiki ukuta wa chemba, na bolti hubeba mzigo usio wake. Mafuta ya kupenya hayaachwi karibu na risasi, kwani yanaweza kuingia kwenye fataki na kuizima. Penye mng'ao wa msuguano ndipo panapohitaji tone.

Afya

Masizi yana madini ya risasi. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula, na viyeyushi hutumiwa penye hewa.

Hali ya sasa

Fataki za kisasa nyingi hazina klorati, na mitutu ya krome, kama ya AK, huvumilia uzembe zaidi. Mafuta ya sintetiki yamezoeleka. Nchini Tanzania umiliki wa silaha huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Silaha, sura ya 114.