Safari za Jobo Kitui na Makueni: Ngori Ikiingia, Nani Huwachwa kwa Mataa?

Kama unasaka jobo ya kaunti, NGO ama mauzo pande za Ukambani, shika hii mapema: safari ya kazi si kusafiri tu, ni doh. Ukitumwa Mombasa kwa mafunzo kutoka Wote, unapewa marupurupu ya kulala nje. Kwa serikali, viwango vinawekwa na SRC, ile tume ya mishahara. Msee mjanja analala kwa keja ya binamu, anarudi na chenji. (Hujaskia hii kwangu.)

Sasa ngori ikiingia, cheki kwanza ni ngori ya aina gani.

Ya 2020 ilikuwa ugonjwa. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Machi 13, na Aprili 6 Uhuru akafunga Nairobi na viunga vyake. Treni ya abiria ya SGR, ile husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, ikalala hadi Julai 13. Hapo hata mdosi akiwa na bajeti, nani anataka kutumwa? Wote ndio iliumia design yake: Makueni ilikuwa iwe mwenyeji wa Kongamano la Ugatuzi Aprili hiyo hiyo. Likasongeshwa mpaka Agosti 2021, na wasee wengine wakalifuatia mtandaoni. Piga picha mwenye lojing aliyepaka vyumba rangi akingoja wageni.

Machi 26, 2021 ikawa noma tena. Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zikafungwa pamoja hadi Mei 1. Angalia ramani, buda: kutoka Kitui kwenda Nairobi, upitie Machakos mjini ama Matuu, bado uko ndani ya kaunti ya Machakos. Yaani Mombasa kupitia Kibwezi ungefika, lakini Nairobi hapo karibu, zii.

2024 ilikuwa kinyume kabisa. Baada ya maandamano ya Juni 25, Mswada wa Fedha ukaanguka, na Julai 5 Ruto akasimamisha safari zisizo za lazima za maafisa wa serikali. Hakuna aliyeogopa kusafiri. Wasee walitaka kwenda vibaya sana, mfuko ndio ulikuwa umetoboka. Na Zoom haina marupurupu ya kulala nje.

Kwa hivyo ukiitwa safari wakati mambo ni magumu, uliza kama masurufu yanaingia kabla utoke, ama unatumia zako halafu urudishiwe. Pesa za kaunti hutoka Hazina Kuu, na zikichelewa huko, madai yako yanangoja pia. Ukitaka kujua kaunti yako inatumia ngapi kwa safari, ripoti za Msimamizi wa Bajeti ziko wazi kwa kila mtu. Tafuta Kitui, tafuta Makueni, halafu ulinganishe na ile ya dawa.