GPS ya simu kwa boti: bando si lazima, lakini usimdharau nahodha

Wasee wengi hudhani GPS inakula bando. Zii. Simu inapokea tu mawimbi ya redio kutoka kwa satelaiti, na ikishika nne inajua uko wapi, hata pale baharini mtandao umepotea. Chenye kinataka bando ni ramani, so ishushe mapema ukiwa bado nchi kavu. Ukisahau, utabaki unaangalia kadoti ka buluu kwa skrini tupu.

Sasa, ramani ya kawaida ya simu imetengenezewa barabara. Kule Lamu, mkondo wa Mkanda kati ya kisiwa cha Manda na bara unaonekana ni maji safi tu, lakini zamani maji yakipwa boti ilikuwa inakwama. Tafuta programu yenye chati za baharini, zile za kuonyesha kina na miamba, na bado uulize nahodha maji yanajaa saa ngapi.

Mkitoka, washa ile ya kurekodi njia. Giza likiwapata, rudini mkifuata njia mliyokuja nayo. Usikubali ule mstari mnyoofu wa kwenda nyumbani, unaweza kukupitisha juu ya mwamba. Na simu ikae kwa mfuko usioingia maji, pawabenki kando, juu GPS inamaliza chaji mbio sana.