Uchovu wa kupindukia kwa wanamichezo

Uchovu wa kupindukia kwa wanamichezo ni hali inayompata mchezaji aliyeishi muda mrefu chini ya msongo wa mazoezi, mashindano na matarajio ya watu bila kupumzika vya kutosha. Ni tofauti na uchovu wa kawaida, ambao huisha baada ya siku chache za kulala na kula vizuri.

Asili ya dhana

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alieleza hali hii kwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa mjini New York. Baadaye watafiti waliichunguza kwa wanamichezo pia. Katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) halikuiita ugonjwa bali hali inayotokana na kazi. Hata hivyo inaweza kuambatana na magonjwa kamili, kama vile sonona.

Dalili

Dalili kuu ni tatu:
- kuchoka mwili na moyo kwa muda mrefu;
- kujiona hafanikiwi, hata anapofanya vizuri;
- kutojali tena mchezo aliokuwa akiupenda.

Pamoja na hizo mchezaji huweza kukosa usingizi, kukasirika upesi, kupoteza hamu ya kula na kuumwa mafua mara kwa mara.

Sababu

Mazoezi peke yake hayajengi mwili. Mwili hujijenga wakati wa mapumziko yanayoyafuata. Mchezaji ambaye kiwango chake kimeshuka kwa kuchoka mara nyingi huambiwa ni mvivu, naye huongeza mazoezi. Kwa hiyo huzidi kuchoka. Sababu nyingine ni ratiba iliyobana, majeraha, hofu ya kupoteza mkataba, na mzigo wa kulisha jamaa wengi kwa kipato kimoja.

Katika Afrika Mashariki

Maisha ya mwanariadha Henry Rono wa Kenya (1952–2024) yanaonyesha uzito wa mambo haya. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakuwahi kushiriki Olimpiki, kwa kuwa Kenya ilisusia michezo ya mwaka 1976 na ya 1980. Mwaka 1981 alivunja tena rekodi ya mita 5,000, lakini wakati huo alikuwa ameshaanza kutawaliwa na pombe. Baadaye alipoteza mali yake na kuna wakati hakuwa na makazi. Ulevi si kitu kimoja na uchovu wa kupindukia, lakini kisa chake kinaonyesha kwamba rekodi hazimkingi mtu na mateso ya nafsi.

Katika miji midogo kama Wete, kisiwani Pemba, mzigo huja kwa sura nyingine. Wachezaji wengi hawaishi kwa mpira peke yake: asubuhi wako kazini, jioni uwanjani. Kocha anayehesabu saa za mazoezi tu, bila saa za kazi, hawezi kujua mchezaji wake amechoka kiasi gani.

Kinga na matibabu

Tiba ya kwanza ni kupunguza au kusimamisha mazoezi, wakati mwingine kwa wiki au miezi kadhaa. Daktari huchunguza kwanza kama uchovu unatokana na upungufu wa damu, malaria au ugonjwa mwingine. Dalili za sonona, ulevi au mawazo ya kujiua huhitaji mtaalamu wa afya ya akili bila kuchelewa. Huko Zanzibar, hospitali ya magonjwa ya akili ni Kidongo Chekundu, Unguja.

Mwaka 2021 mcheza tenisi Naomi Osaka alijitoa katika mashindano ya wazi ya Ufaransa, na mwanasarakasi Simone Biles alijitoa katika fainali kadhaa za Olimpiki mjini Tokyo, wote kwa kueleza hali ya afya yao ya akili. Mwaka 2024 Biles alirudi Olimpiki, mjini Paris, akashinda medali tatu za dhahabu.